Kufungua Regulata Yako Mwenyewe, na Vipuri Vyake Vinakopatikana

Regulata ya kuzamia ina siri chache kuliko kabureta ya pikipiki. Chukua hatua ya kwanza, yaani sehemu inayofungwa kwenye mtungi, ya aina rahisi, ile ya pistoni isiyosawazishwa kama Scubapro MK2. Kinachotembea ndani yake ni kimoja tu, pistoni. Springi inaisukuma ifunguke, na hewa iliyokwisha kupita inaisukuma ifunge. Hatua ya pili, ile ya mdomoni, nayo ni diaframu, wenzo, popeti (kizibo kinachofungua na kufunga hewa) na springi yake. Aliyezoea kufungua silinda ya breki au pampu ya haidroli hatakuta jambo geni humo. Kinachowaponza watu ni kufungua bila kupima, na kufungua wakati vipuri havipo mezani.

Kwa hiyo chombo cha kwanza kununua ni geji ya presha ya kati, yaani ya hewa iliyo kati ya hatua hizo mbili, spana zije baadaye. Itafutwe inayosoma kutoka 0 hadi bar 20 hivi, yenye kichwa cha kuchomeka kwenye mpira (bomba la hewa) wa jaketi la kuelea. Funga regulata kwenye mtungi wenye bar 200, chomeka geji, fungua valvu ya mtungi polepole, kisha bonyeza kitufe cha kupulizia mara kumi. Kila ukibonyeza sindano ishuke. Ukiachia, irudi na isimame papo hapo, kama mlango unaojua mahali pake. Regulata nyingi husimama kati ya bar 8.5 na 10, ila namba halisi ni ile ya kitabu cha mafundi cha modeli hiyo. Sasa iache dakika 10 bila kuigusa. Sindano ikipanda chini ya bar 0.3 kisha ikatulia, bado ni nzima. Ikipanda zaidi ya hapo, au ikiendelea kupanda kidogokidogo, siti ya presha kubwa, kipande laini kinachoziba hewa, imeliwa, au kuna uchafu kwenye makali yanayoikalia, au oringi (pete ya mpira ya kuziba) ya shina la popeti imechoka kwenye regulata za diaframu zilizosawazishwa.

Rudia kipimo hicho mtungi ukiwa na bar 30 hadi 50. Kwenye pistoni isiyosawazishwa sindano itasimama chini kuliko mwanzo, na wengi hapo hudhani wamekuta ubovu. Ndivyo ilivyoumbwa. Hewa ya mtungi husaidia kuisukuma siti ifunguke, kwa hiyo mtungi ukipungua, msukumo huo unapungua na presha ya kati inashuka. Kwenye iliyosawazishwa, vipimo viwili vikitofautiana sana ndipo pa kuuliza.

Wakati wote wa kupima, hakikisha angalau hatua moja ya pili imebaki kwenye mpira wake. Valvu ya hatua ya pili hufunguka kwa kufuata mkondo wa hewa, kwa hiyo presha ya kati ikipanda kupita kiasi yenyewe huanza kumwaga hewa na kuokoa mipira. Ukiziba matundu yote ukabaki na geji peke yake, siti ikifeli presha ya mtungi haina pa kutokea. Kitakachopasuka ni geji au mpira, karibu na uso wako.

Geji hiyohiyo inamaliza ubishi wa kila siku kuhusu regulata inayotoa hewa yenyewe. Ikisizi na sindano imesimama, hatua ya pili ndiyo yenye tatizo, tafuta kule. Ikikaa kimya dakika mbili tatu kisha ikaanza kusizi huku sindano inapanda, hatua ya pili haina kosa, ya kwanza ndiyo inayovujisha. Watu wengi wamekaza na kukaza hatua ya pili isiyo na hatia mpaka kupumua kukawa kama kunyonya uji kwa mrija wa soda.

Kuna vipimo viwili vingine kabla ya spana. Kwanza, regulata ikiwa haina hewa na kifuniko cha vumbi kimefungwa vizuri, nyonya kwa mdomo. Isitoe kitu. Hewa ikipenya, diaframu ina tundu, au valvu ya kutolea pumzi imekunjika au imeshika mchanga, au mpira wa mdomoni umechanika pale chini ya kamba ya plastiki. Ndiyo regulata inayokunywesha maji baharini. Pili, ikiwa na presha, izamishe kwenye ndoo na uangalie mapovu yanatoka wapi. Yakitoka kwenye matundu ya chumba cha springi, chumba ambacho maji ya bahari huingia, kosa ni la oringi za pistoni. Kwenye pistoni iliyosawazishwa, mapovu yakiwa mengi mtungi ukijaa na yakipungua mtungi ukishuka, ni oringi ya shina, ile ya upande wa presha kubwa. Andika yote. Bila namba za kabla huwezi kujua kama kazi yako imesaidia au imeharibu.

Sasa vipuri, kabla ya kufungua, kwa sababu regulata iliyofunguliwa ikakaa miezi miwili kwenye kopo la biskuti kusubiri siti hupoteza vipande. Anza na jina kamili la modeli pamoja na toleo lake. MK2 ya zamani na MK2 ya sasa si lazima zishirikiane kila kitu. Tafuta mchoro wa vipande vilivyotenganishwa, ule unaoonyesha kila kipande na namba yake. Kifurushi cha vipuri cha mwaka huwa na siti, oringi, chujio na pengine pete za kubania, lakini mara nyingi hakina springi, wenzo wala diaframu. Soma orodha yake kwanza, usihukumu kwa picha.

Kampuni nyingi kubwa huuza vifurushi kwa wauzaji na mafundi waliosajiliwa tu, hasa Marekani. Ulaya mlango uko wazi kidogo. Chache, kama Deep 6, huwauzia wenye regulata moja kwa moja. Ukiwa bado hujanunua regulata, hili lina uzito kuliko rangi na kuliko sifa za dukani: uliza kwanza kama utauziwa siti. Ukishakuwa nayo, ziko njia nyingine. Muuzaji aliyesajiliwa anaweza kukuagizia kifurushi ukimwambia wazi unachotaka. Kununua regulata ya pili iliyochoka ya modeli ileile kwa ajili ya vipande ni njia nzuri kwa wenzo, vifuniko, springi na skrubu, si kwa siti wala oringi. Halafu kuna undugu wa vipande. US Divers ndiyo iliyokuja kuitwa Aqua Lung, kwa hiyo vipuri vya Conshelf hutafutwa kwa majina yote mawili. Hatua za kwanza kadhaa za Zeagle za zamani zilitengenezwa na Apeks. Na popeti ya hatua za pili za Scubapro zilizosawazishwa, 156, G250 na S600, ni ya ukoo mmoja. Undugu huo uthibitishe kwa namba ya kipande kwenye mchoro. Kufanana kwa macho hakutoshi.

Oringi ndizo zinazoweza kupatikana karibu na nyumbani. Nyingi zinafuata vipimo vya kawaida vya inchi vya AS568, na duka zuri la haidroli Dar es Salaam au Mombasa linazifahamu kwa namba hizo. Mpira wa presha ndogo, unapoingia hatua ya kwanza kwenye uzi wa inchi 3/8, hutumia 011, yaani kipenyo cha ndani milimita 7.65 na unene 1.78. Mpira wa presha kubwa na kizibo chake, uzi wa 7/16, hutumia 012: 9.25 kwa 1.78. Upande wa mpira unaofungwa kwenye hatua ya pili ni 010: 6.07 kwa 1.78. Regulata ya DIN, ile inayofungwa kwa uzi ndani ya valvu ya mtungi, mara nyingi huvaa 112 usoni: 12.37 kwa 2.62. Kwa regulata ya klampu, ile inayobana valvu kwa nje, oringi inakaa kwenye valvu ya mtungi, na mara nyingi ni 014: 12.42 kwa 1.78. Kile kipini kidogo kinachoungana na geji ya mtungi kina oringi mbili za 003. Geji ikianza kutoa viputo shingoni, ni hizo, na ni kazi ya dakika tano.

Omba mpira wa nitrili wenye ugumu wa 70, na 90 kwa sehemu zenye presha kubwa. Usipime oringi ya zamani ukanunua kwa kipimo hicho, kwa sababu imekwisha kubonyea na imepungua. Yale makasha ya oringi mchanganyiko yenye mamia ya vipande mara nyingi ni ya milimita: unene wa 1.9 au 2 ukilazimishwa kwenye mfereji wa 1.78 utaingia, kisha utakatwa wakati wa kukaza. Siti, diaframu na chujio havina mbadala wa mtaani. Kuchonga siti kutoka kipande cha nailoni kwa sababu inafanana ni kujitafutia balaa. Na ukinunua oringi za ziada, zifunge kwenye mfuko na kuziweka gizani, mbali na chumba cha kompresa. Mota za umeme hutoa ozoni inayopasua mpira.

Grisi isiwe ya gari wala ile ya kupuliza kutoka kopo la WD-40. Inayotakiwa ni grisi inayovumilia oksijeni, kama Christo-Lube MCG 111 au Tribolube 71. Kichupa kidogo ni ghali ila kinadumu miaka. Grisi ya silikoni inatosha kwa hatua ya pili inayotumia hewa ya kawaida, lakini isiguse diaframu wala valvu za mpira wa silikoni, maana inazivimbisha. Ukitumia mchanganyiko wenye oksijeni zaidi ya asilimia 40, usafi wake ni somo jingine, na hapo mpe fundi aliyefunzwa.

Kufungua. Piga picha kila hatua. Weka alama mipira yote, kisha itoe. Kwenye regulata za sasa matundu ya presha kubwa na ndogo yana ukubwa tofauti, huwezi kuyakosea. Hatua ya kwanza ishikwe na jiliwa lenye midomo laini ya shaba, mbao au risasi, au kwa mpini uliochongwa uzi unaoingia kwenye tundu lake moja. Kifuniko cha pistoni hufunguliwa kwa spana ya ndoano au ya mkanda. Kikigoma, tatizo huwa chumvi: loweka kwenye siki ya uvuguvugu, subiri, jaribu tena, ongeza joto la mashine ya kukausha nywele. Spana ya bomba itakifungua, kweli, na itaacha alama za meno zitakazokaa hapo milele. Pistoni ikitoka, usiiweke kifudifudi mezani. Kwenye MK2 siti iko mwisho wa pistoni na makali yako ndani ya kiwiliwili. Kwenye pistoni zilizosawazishwa kama MK25 makali yako mwisho wa shina lenyewe. Popote yalipo, yaangalie kwa kioo cha kukuzia mara 10 chini ya taa. Mkwaruzo usioonekana kwa macho ndio unaofanya siti mpya ianze kuvuja siku ileile, na mtu akalaumu siti.

Chujio la pale hewa ya mtungi inapoingilia hatua ya kwanza lina habari. Likiwa la kijani, maji yaliingia. Likiwa na wekundu wa kutu, mtungi wa chuma unaoza ndani. Unga mweupe au wa kijivu ni wa mtungi wa alumini. Vumbi jeusi ni la mkaa wa chujio la kompresa, na hilo ni la kumfuata anayejaza mitungi. Chujio halisafishwi, hubadilishwa. Lakini chanzo kisipotafutwa, jipya nalo litabeba rangi ileile.

Oringi zitolewe kwa kijiti cha shaba, plastiki au mti wa kuchokolea meno. Isukume kwa vidole mpaka ifanye nundu, kisha iinue. Sindano ya chuma hukwaruza mfereji, na mkwaruzo unaokatiza mfereji ni mlango wa hewa usiozibika kwa oringi yoyote.

Vipande vya shaba vyenye kromu visuguliwe kwa mswaki laini na maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, kisha vilowekwe kwenye siki nyeupe na maji ya moto kiasi, nusu kwa nusu, dakika 10 hivi. Usiondoke. Angalia kila dakika mbili tatu, hasa kama kromu imeshaanza kubanduka, kwa sababu siki hupenya chini yake na kuendelea kuibandua. Alumini, mpira na plastiki zisiingie humo. Hizo ni za sabuni tu. Baada ya siki, suuza kwa maji yenye bikaboneti kidogo, kisha kwa maji safi ya mwisho. Na neno "safi" pwani linataka tahadhari. Maji ya visima vingi vya karibu na ufukwe yana chumvi, nayo yakikauka huacha kilekile ulichokuwa unaondoa. Maji ya mvua yaliyochujwa au ya chupa ndiyo ya kusuuzia mwisho. Kausha kwa hewa ya mtungi, si ya kompresa ya gereji inayorusha mafuta.

Wakati wa kufunga, oringi ing'ae tu. Ukiona donge la grisi, umezidisha, na donge hilo litakusanya mchanga au litasukumwa hadi kwenye siti. Siti hazipakwi kitu. Pistoni iingizwe wima kwa kidole, ikizunguka polepole. Ikikwama, toa, usisukume, maana kinachokwama ni oringi inayokaribia kukatwa. Mipira na vizibo vya presha ndogo vinahitaji takriban nyutonimita (Nm) 4.5 tu. Spana fupi na vidole viwili. Kinachozuia hewa ni oringi, si nguvu ya mkono.

Hatua ya pili inafunguliwa kwa pete ya mbele, diaframu inatoka, na hapo wenzo unaonekana. Kabla ya kugeuza orifisi, ule mdomo wa hewa unaokaa kwenye siti laini, bonyeza wenzo ili siti iachane nayo. Ukigeuza zikiwa zimeshikana, makali yataichonga siti duara kwa duara. Hesabu mizunguko ukifungua, utairudia ukifunga. Siti yenye alama nyepesi ya duara ni ya kawaida. Mfereji unaousikia kwa ukucha umekwisha. Nati ndogo ya popeti yenye plastiki ndani hutumika mara moja, kwa hiyo weka mpya. Angalia pia valvu ya kutolea pumzi: ilale bapa pande zote.

Kurekebisha hufanywa regulata ikiwa na presha, kwa kifaa maalumu kinachokaa kati ya mpira na hatua ya pili. Fungua orifisi kidogo mpaka isizi, kisha uirudishe ndani kwa thumuni ya mzunguko, ukibonyeza kitufe kila mara, mpaka ikome, halafu ongeza thumuni moja. Kumbuka kwamba kila unavyoingiza orifisi, wenzo nao unashuka. Ukizidisha, diaframu itabidi isafiri mbali kabla ya kuugusa, na utasikia wenzo ukicheza ukiitikisa. Hatua ya pili yenye siti mpya ikisizi kidogo baada ya nusu saa, si ajabu, siti inakaa. Pulizia mara 20 au 30, ipime tena.

Kipimo cha mwisho hakihitaji mashine. Jaza beseni, shika hatua ya pili mpira wa mdomoni ukiwa juu na diaframu chini, ishushe taratibu ikiwa sambamba na maji. Pale inapoanza kusizi, pima kwa rula kutoka usawa wa maji hadi diaframu. Sentimita 3 hivi ni pumzi nzuri. Ile ya akiba, ya njano, iwekwe ngumu kidogo, 4 hadi 5, isije ikamwaga hewa ikining'inia kwenye mkondo.

Presha ya kati ipimwe upya kama mwanzo, kwa mtungi uliojaa na uliopungua. Hatua za kwanza za diaframu zina skrubu ya kurekebishia; anza nayo ikiwa imelegea na upande kwa thumuni ya mzunguko, ukipulizia kati ya kipimo na kipimo. Nyingine, kama MK2, hazina skrubu hiyo, na kipimo kibaya kinamaanisha kufungua tena. Iache na presha saa kadhaa, uisome asubuhi.

Regulata za kukodishia wageni ni habari nyingine. Kituo kinachochukua pesa za watu kitumie fundi mwenye cheti cha modeli husika, kwa sababu likitokea jambo swali la kwanza litakuwa nani aliifungua. Hata kwa yako binafsi, dhamana na ahadi za vipuri vya bure kwa kawaida hufa pale unapoigusa.

Mbizi ya kwanza iwe mita 5, na mwenzako mwenye hewa ya akiba awe pembeni. Pumua ukiwa wima, ukiwa kichwa chini, ukiwa chali. Regulata inayoingiza maji katika mkao mmoja tu ina diaframu au valvu ya kutolea pumzi isiyokaa sawa. Ukirudi, kifuniko cha vumbi kikaushwe kabla ya kufungwa, na wakati wa kuilowesha usibonyeze kitufe ikiwa haina presha, maana maji hupanda kwenye mpira mpaka hatua ya kwanza. Yenye kirungu cha kurekebishia ifunguliwe kirungu hicho mpaka mwisho kabla ya kuhifadhiwa, siti isilale imebanwa. Kisha andika kwenye kipande cha utepe kwenye mpira: tarehe, bar ngapi mtungi ukijaa, bar ngapi ukipungua, sentimita ngapi kwenye beseni.